Treni za milimani India: Hazibebi tena chai, lakini bado zinawalisha wauza chai

UKIMWAMBIA mfanyabiashara kwamba kuna treni ya zaidi ya miaka 140, inayotumia zaidi ya saa saba kumaliza kilomita 88, ambayo haibebi tena mizigo na ambayo kwa miaka mingi mapato yake hayakutosha kulipa gharama zake, atauliza jambo moja tu: kwa nini haijafungwa?

Treni hiyo ni ya Darjeeling, kaskazini mwa jimbo la West Bengal nchini India, kwenye miteremko ya milima ya Himalaya. Jibu la swali hilo lina manufaa kwa mkulima na mchuuzi yeyote anayeishi mahali penye mandhari nzuri na historia, kwa sababu faida ya reli hiyo haionekani kwenye vitabu vya stesheni. Inaonekana kwenye vibanda, nyumba za wageni na maduka ya majani ya chai yaliyojipanga kando ya njia yake.

Bei ya mchele ndiyo iliyozaa reli

Reli ya Darjeeling haikujengwa kwa ajili ya watalii. Mwaka 1878 reli ya kutoka upande wa Calcutta, ambayo leo huitwa Kolkata, ilifika Siliguri, mji ulio chini kabisa ya milima. Kutoka hapo kwenda juu, kila kitu kilibebwa kwa mikokoteni ya ng'ombe na farasi. Gharama ya kupandisha mzigo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mchele uliofika Darjeeling uliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei yake kule Siliguri.

Franklin Prestage, aliyekuwa wakala wa shirika la reli la Eastern Bengal, aliona biashara ndani ya tofauti hiyo ya bei. Alipendekeza ijengwe reli nyembamba kandokando ya barabara ya mikokoteni, itakayopandisha mchele na bidhaa nyingine na kushusha chai ya mashamba ya milimani. Kazi ilianza mwaka 1879 na mwaka 1881 treni ilifika Darjeeling.

Ili kupunguza gharama, wajenzi hawakutoboa mahandaki. Upana kati ya chuma na chuma ni sentimita 61 tu, hivyo treni huweza kukata kona kali. Mahali penye mwinuko mkubwa njia hujizungusha na kupita juu yake yenyewe, kama kamba iliyofungwa kitanzi. Mahali pengine treni hupanda mbele, husimama, hurudi nyuma huku bado ikipanda, kisha huelekea mbele tena, na kwa hatua tatu huwa imekwea ukuta wa mlima. Siku za mvua na umande, wafanyakazi wawili hukaa mbele ya injini na kumwaga mchanga juu ya vyuma ili magurudumu yasiteleze.

Kwa njia hiyo treni hutoka kwenye mwinuko wa mita 100 hivi juu ya usawa wa bahari na kufika stesheni ya Ghum, yenye mita 2,258, ambayo ndiyo stesheni ya juu kuliko zote nchini India katika reli hizi za milimani. Kutoka hapo hushuka kidogo hadi Darjeeling.

Malori yachukua mzigo

Kwa miongo mingi hesabu za Prestage zilikwenda sawa. Baadaye barabara ileile ya mikokoteni ikapanuliwa na malori yakaja. Lori lilipakia chai mlangoni mwa kiwanda na kuishusha siku hiyohiyo. Treni ilihitaji mzigo upelekwe stesheni, upakiwe, kisha ushushwe tena Siliguri. Mwaka 1948 serikali iliichukua kampuni ya reli hiyo, lakini mzigo uliendelea kupungua, na kufikia miaka ya 1990 treni za mizigo zilikuwa zimekoma.

Reli nyingi duniani zilizofikia hali hiyo ziling'olewa na chuma chake kikauzwa kwa uzito. Reli ya Darjeeling ilinusurika kwa sababu ilikuwa imekwisha kupata mteja wa aina nyingine, yaani mtu anayepanda treni kwa sababu ya treni yenyewe. Filamu zilisaidia. Wapenzi wa sinema za Kihindi wanaikumbuka *Aradhana* ya mwaka 1969, ambamo Rajesh Khanna anaimba akiwa ndani ya gari linaloandamana na treni hiyo. Mwaka 1999 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Reli ya Nilgiri, kusini mwa India, iliongezwa mwaka 2005, na ile ya Kalka hadi Shimla mwaka 2008.

Leo sehemu kubwa ya wageni hawamalizi kilomita zote 88. Hupanda safari fupi ya saa mbili hivi kutoka Darjeeling hadi Ghum na kurudi. Tiketi ya behewa linalovutwa na injini ya mvuke hupita rupia 1,000, wakati basi au gari la abiria hufanya safari hiyohiyo kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Mgeni halipii usafiri. Analipia moshi, mlio wa honi na picha atakayokwenda nayo nyumbani.

Treni ikisimama, soko hufunguka

Katika safari hiyo fupi treni husimama mahali pawili. Pa kwanza ni Batasia, ambapo njia huzunguka bustani yenye mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Kigurkha wa eneo hilo waliokufa vitani. Hapo husimama dakika 10 hivi. Dakika hizo zinatosha kwa mgeni kupiga picha, kununua skafu ya sufi na kunywa kikombe cha chai. Pa pili ni Ghum, penye jumba dogo la makumbusho ya reli, na hapo mapumziko ni marefu zaidi.

Mchuuzi wa hapo anajua ratiba ya treni kama mwuza samaki anavyojua maji kupwa na kujaa. Anajua kwamba wateja watashuka kwa pamoja na wataondoka kwa pamoja, hivyo bidhaa yake lazima iwe tayari, ndogo, isiyovunjika na yenye bei inayojulikana. Ndiyo sababu kinachouzwa zaidi ni pakiti ndogo za majani ya chai, glavu na kofia za sufi, na momo, yaani maandazi madogo yaliyojazwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke.

Momo huonyesha pia kitu kingine ambacho milima hii inauza, nacho ni mchanganyiko wa watu wake. Wengi wa wakazi ni wa asili ya Nepal, ambao mababu zao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya chai. Kuna Walepcha, wenyeji wa tangu zamani. Kuna Watibeti, Wabengali, na wafanyabiashara waliotoka magharibi mwa India. Pale Ghum kuna nyumba ya watawa wa Kibudha iliyojengwa mwaka 1850, na juu ya kilima cha mji wa Darjeeling kuna hekalu ambalo Wahindu na Wabudha hulitumia kwa pamoja. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya treni hulala siku mbili au tatu kwa ajili ya vyakula, sherehe na mahekalu. Hizo siku za ziada ndizo zinazomlipa mwenye nyumba ya wageni.

Baadhi ya familia za wafanyakazi wa chai nazo zimeingia katika biashara hiyo. Katika shamba la Makaibari, karibu na mji wa Kurseong, familia hukaribisha wageni katika vyumba vya nyumba zao, huwapikia chakula cha kawaida cha nyumbani na kuwatembeza shambani. Chumba kimoja kisafi chenye blanketi na maji ya moto huleta fedha ambazo kuchuma majani peke yake hakuleti.

Chema chajiuza, lakini nani analipwa?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chai ya Darjeeling imejiuza kwa zaidi ya karne moja. Miche ya kwanza ilipandwa mwaka 1841, na leo kuna mashamba 87 yanayoruhusiwa kisheria kuliita zao lake chai ya Darjeeling. Ilikuwa bidhaa ya kwanza nchini India kupata ulinzi wa jina la mahali inakotoka, katika mwaka wa 2004. Mwaka 2011 jina hilo likapata ulinzi pia katika nchi za Umoja wa Ulaya. Mwaka 2014 chai maalumu ya Makaibari iliuzwa kwa dola 1,850 za Marekani kwa kilo moja.

Pamoja na sifa hizo, mchumaji hana raha. Juni 2023 mshahara wa kima cha chini wa mfanyakazi wa mashamba ya chai ya West Bengal uliwekwa kuwa rupia 250 kwa siku. Kwa maneno mengine, mchumaji angehitaji siku nne za kazi au zaidi ili apate nauli ya treni ya mvuke inayopita kando ya shamba. Nyumba nyingi za wafanyakazi zimo ndani ya ardhi ya mashamba na familia hazina hati, jambo linalowazuia kukopa benki ili waongeze chumba cha wageni.

Uzalishaji nao umeshuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya Darjeeling yalitoa zaidi ya kilo milioni 10 kwa mwaka. Katika miaka ya karibuni kiasi hicho kimekuwa karibu kilo milioni 6. Mibuni ya chai imezeeka, mvua hazina mpangilio, na vijana wanakwenda kutafuta kazi mijini. Juu ya hayo, chai ya bei nafuu kutoka nchi jirani ya Nepal huchanganywa na kuuzwa kwa jina la Darjeeling. Jina bila ulinzi wa kila siku ni kama shamba bila ua.

Nilgiri: reli ya meno na wakulima wadogo

Umbali wa zaidi ya kilomita 2,000 kuelekea kusini, katika jimbo la Tamil Nadu, kuna mfano unaokaribia zaidi hali ya mkulima mdogo. Ni reli ya milima ya Nilgiri, ya kilomita 46, kutoka mji wa Mettupalayam hadi Udhagamandalam, ambao wengi huufupisha kwa kuuita Ooty. Sehemu ya kwanza hadi Coonoor ilifunguliwa mwaka 1899 na treni ikafika Ooty mwaka 1908. Ina mahandaki 16, kona 208 na madaraja 250.

Mwinuko wake ni mkali kuliko wa Darjeeling. Kuna mahali ambapo treni hupanda mita 1 kwa kila mita 12 inazokwenda. Magurudumu ya kawaida yangeteleza, hivyo katikati ya reli zimewekwa pau mbili za chuma zenye meno. Gurudumu la meno chini ya injini hung'ata pau hizo hatua kwa hatua. Meno ya pau hizo mbili yamepishana, ili moja linapoachia jingine liwe tayari limeshika. Injini hukaa nyuma na kusukuma mabehewa, isivute.

Tofauti na Darjeeling, sehemu kubwa ya chai ya Nilgiri iko mikononi mwa makumi ya maelfu ya wakulima wadogo, wengi wao wa kabila la Badaga. Huchuma wenyewe na kuuza majani mabichi kwa viwanda vya ushirika au vya watu binafsi. Kilio chao ni bei. Mwaka 2023 wakulima waliandamana na kufunga kula kwa zamu, wakidai bei ya uhakika ya rupia 33.50 kwa kilo ya majani mabichi, kwa hoja kwamba walichokuwa wakilipwa hakifidii hata gharama za shamba.

Kilichowaokoa wengi ni kutotegemea zao moja. Katika bonde la Ketti, ambako treni ina stesheni, wakulima hulima karoti, na milima yote inajulikana kwa viazi na vitunguu saumu. Mazao hayo hushuka kwa malori hadi Mettupalayam, ambako kuna soko kubwa la viazi linalouza kwa mnada. Hivyo mji ambao mgeni huuona kama mahali pa kupandia treni asubuhi, kwa mkulima ni mahali pa kujua bei ya siku.

Mgeni anayefika juu hununua pia chai, mafuta ya mkaratusi, chokoleti zinazotengenezwa nyumbani, na vitambaa vyeupe vilivyotariziwa kwa nyuzi nyekundu na nyeusi. Vitambaa hivyo ni kazi ya wanawake wa Kitoda, jamii ndogo ya wafugaji wa nyati. Tangu mwaka 2013 taraza hiyo nayo ina ulinzi wa jina. Mashine za mjini zinaweza kuiga mapambo hayo kwa bei ya chini, hivyo mnunuzi anayetaka kazi halisi ya mkono sasa ana njia ya kuitambua, na mwanamke aliyeitariza ana hoja ya kudai bei yake.

Kikapu kimoja kikianguka

Biashara ya wageni ina hatari zake, na reli hizi zimezionyesha zote. Mwaka 2010 mlima uliporomoka na kuikata njia ya Darjeeling. Mwaka uliofuata, baada ya tetemeko la Septemba 2011, ulikatika tena karibu na Tindharia. Treni haikuweza kufanya safari nzima kutoka chini hadi juu mpaka mwaka 2015. Kwa takriban miaka mitano wauzaji wa stesheni za katikati hawakuona abiria wa safari hiyo, huku wale wa Darjeeling na Ghum wakiendelea na safari fupi.

Mwaka 2017 pigo lilitoka kwa binadamu. Mgomo wa kudai jimbo la Wagurkha ulidumu siku 104, kuanzia Juni hadi Septemba. Stesheni za Sonada na Gayabari zilichomwa moto. Wageni waliondoka, na mashamba ya chai yalifungwa wakati wa mavuno ya pili ya mwaka, ambayo ndiyo yenye bei nzuri. Uzalishaji wa mwaka huo uliishia kiasi cha kilo milioni 3.2. Aliyekuwa na chumba cha wageni na aliyekuwa na kazi shambani walikosa fedha kwa wakati mmoja.

Reli ya Kalka hadi Shimla, katika jimbo la Himachal Pradesh, nayo imeonja. Ilifunguliwa mwaka 1903, ina urefu wa kilomita 96 na mahandaki 102, na hupita Solan, eneo linalosifika kwa nyanya na uyoga, kuelekea kwenye milima ya matofaa. Agosti 2023 mvua kubwa iliporomosha mlima karibu na Shimla. Watu 20 walikufa, na vyuma vya reli vikabaki vinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Miezi hiyo ndiyo ya mavuno ya matofaa, na barabara nazo zilikatika. Mkulima aliona matunda yake yakioza kwenye maboksi.

Kuna pia hatari ya wageni kuzidi. Tangu Mei 2024, kwa amri ya mahakama, gari linalokwenda Nilgiri kutoka nje ya wilaya hutakiwa kupata kibali kwanza, kwa sababu barabara, maji na maegesho havikutosha tena. Huko Darjeeling, vibanda vimeisogelea reli kiasi kwamba mara kwa mara huibuka mvutano kati ya wenye vibanda na wasimamizi wa reli. Mchuuzi anataka kuwa karibu na treni, lakini akikaribia mno treni haipiti, na isipopita hana mteja.

Somo kwa mkulima na mchuuzi

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawako mbali na habari hii. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilijengwa na vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India, na upana wake wa mita 1 ulifuata reli za India za wakati huo. Mwaka 2017, treni mpya ya reli pana ilipoanza kati ya Mombasa na Nairobi, treni ya abiria ya reli ya zamani ilikoma. Treni mpya inakwenda kasi zaidi, lakini haipiti katika stesheni nyingi ndogo ambako zamani abiria walinunua ndizi na mayai dirishani.

Mambo matatu yanajitokeza katika uzoefu wa milima ya India. La kwanza, kitu cha zamani kinaweza kuwa mtaji ikiwa kinafanya kazi. Injini iliyotiwa rangi na kuwekwa kwenye bustani hutazamwa kwa dakika tano, lakini inayotembea humlaza mgeni siku tatu. La pili, jina la mahali ni mali, na mali hulindwa kwa ubora na kwa sheria kabla wengine hawajaitumia. Wakulima wa zao lenye sifa ya eneo lao, liwe chai, kahawa, asali au mchele, hawana sababu ya kungoja miaka 160 kama Darjeeling.

La tatu, na zito zaidi, ni kwamba mgeni ni zao la msimu kama mazao mengine. Hukosekana kwa mvua, kwa mgomo na kwa maradhi. Mkulima wa Ketti anayevuna karoti, anayeuza majani ya chai kiwandani na mwenye chumba kimoja cha wageni hulala usingizi kuliko aliyeuza shamba lake akajenga hoteli. Treni ikichelewa, karoti zake bado ziko ardhini.